Plastiki jikoni: jinsi ya kupanga upya vyombo vya chakula na maji, hatua kwa hatua

Nauza vyombo sokoni hapa Mtwara mjini: vya plastiki, vya bati na vya stenlesi. Haipiti wiki bila mtu kuniinulia ndoo na kuniuliza, "Dada, hii haina sumu?" Mwingine anataka kujua kama dumu lililokuwa na mafuta ya kula linafaa kuwekea maji. Mwingine kasikia kwenye simu kwamba chupa ya maji iliyolala ndani ya gari inaleta saratani, na sasa anaogopa kumpa mwanawe maji. Kila mmoja anastahili jibu la kutosha, na mezani hapatoshi. Nimeandika majibu yote hapa kwa mpangilio wa kazi, ili ukimaliza kusoma uingie jikoni uanze.

Niseme mapema: sikuambii utupe plastiki zote. Mtu wa Newala au Tandahimba anayenunua maji kwa dumu hawezi kuishi bila plastiki, na maji safi kwenye dumu safi ni bora mara mia kuliko maji machafu kwenye mtungi mzuri. Kazi yetu ni kujua kipi kitoke leo, kipi kibadilishiwe matumizi na kipi kibaki kilipo.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Asubuhi moja yenye mwanga na mkeka au turubai la kupangia vyombo uani.
- Kalamu ya wino usiofutika.
- Mkasi, na beseni la maji.
- Nyundo na msumari mnene.
- Glavu za mpira.
- Vyombo vitatu au vinne visivyo vya plastiki ambavyo tayari unavyo: sufuria yenye mfuniko, bakuli la udongo au la bati, chupa za kioo zilizokuwa na asali au jemu. Usikimbilie kununua kitu. Utajua unachopungukiwa ukishafika hatua ya sita.

Na umwite anayepika kila siku. Kama ni mama mkwe, mdogo wako au dada wa kazi, afanye kazi hii pamoja nawe. Ukitupa vitu vya jikoni kwake bila kumwambia sababu, Jumatatu vitakuwa vimerudi.

Mambo manne ya kukariri

Plastiki hutengenezwa kwa kuchanganya kemikali nyingi, na baadhi yake hazishikani sawasawa na chombo, hivyo hutoka kidogo kidogo na kuingia kwenye chakula. Mbili zinazotajwa sana ni bisifenoli A, ambayo wengi huiandika BPA, inayotumika kutengeneza plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, na fthaleti, zinazolainisha plastiki ya PVC. Zote zina uwezo wa kuingilia kazi za homoni, ndiyo maana wanaotajwa kwanza ni wajawazito na watoto wadogo. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku BPA kwenye chupa za watoto mwaka 2011, na mwaka 2023 mamlaka yao ya usalama wa chakula ikashusha kiwango ambacho mtu anaweza kumeza kila siku kwa mara 20,000. Mamlaka za nchi nyingine hazikukubaliana na hesabu hiyo, mjadala unaendelea. Wewe huna haja ya kungoja uishe, kwa sababu namna ya kupunguza kemikali hizi inajulikana na haina gharama kubwa.

Kuna vitu vinne vinavyozivuta kutoka kwenye chombo: joto, mafuta, uchachu na muda. Chakula cha moto chenye mafuta kilichokaa muda mrefu ndicho kibaya zaidi. Kitu kikavu, baridi, kilichokaa kidogo, hakina tatizo la kukunyima usingizi. Ukikariri haya manne, maswali mengi utayajibu mwenyewe.

Hatua ya 1: Toa vyombo vyote nje, ukiulize kila kimoja kilitoka wapi

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote kwetu kusini, na ndiyo ambayo miongozo ya watu wa mbali huikosa. Sisi tunalima korosho. Kuanzia Juni mikorosho inapulizwa dawa ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu) na ya wadudu, na dawa za maji zinakuja kwenye madumu na chupa nzuri, imara, zenye mifuniko inayobana. Mtu anaona uchungu kuvitupa.

Msimu mmoja nilikwenda kwa bibi yangu Tandahimba. Akanimiminia maji kutoka kwenye dumu jeupe la lita tano, limesuguliwa mpaka linang'aa. Ubavuni palikuwa na gundi ya lebo iliyobanduliwa. Nikaikwangua kwa ukucha huku tunaongea, ikatoka pembe ya karatasi, na kwenye ile pembe nusu ya mchoro wa fuvu la kichwa. Bibi akasema, "Mjukuu wangu, nimelisugua kwa mchanga siku tatu." Na kweli alikuwa amelisugua. Lakini sumu ya namna ile haikai juu tu, inapenya ndani ya plastiki yenyewe, kisha inaendelea kutoka taratibu kila unapotia maji mapya. Mchanga, majivu, sabuni, maji ya moto, ndimu: hakuna kinachoitoa yote.

Kwa hiyo weka pembeni, moja kwa moja:

- Dumu, chupa au ndoo yoyote iliyowahi kuwa na dawa ya shambani, hata mara moja, hata miaka mitano iliyopita.
- Mifuko ya salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Nimeona makopa na mahindi yamehifadhiwa humo. Hapana.
- Madumu ya oili ya gari, dizeli, maji ya betri, dawa za kusafishia choo.
- Ndoo za rangi ya nyumba. Hizi ni nyingi sana mitaani kwa sababu ni kubwa na bei ndogo, na kwenye misiba utakuta zimejaa pilau. Ziwe za kudekia na kumwagilia bustani tu. Andika kwa kalamu, herufi kubwa: SI YA CHAKULA.
- Chombo ambacho hakuna mtu nyumbani anayekumbuka kilitoka wapi.

Makopo ya dawa ya shambani hayaishii pembeni, yanaharibiwa. Vaa glavu. Kazi hii ifanyike shambani siku ile ile dawa inapokwisha: tia maji mpaka robo ya chombo, funga, tikisa kwa nguvu, mimina maji hayo kwenye bomba la kupulizia ili yaishie kwenye mikorosho. Rudia mara tatu. Kisha litoboe dumu kwa msumari sehemu kadhaa, lisifae tena kubeba maji. Muulize afisa ugani au chama chako cha msingi kama kuna mahali pa kuyarudisha. Usiyachome, na usiyasuuze kisimani wala mtoni.

*Kosa linalojirudia:* kumpa jirani au kuliuza mnadani kwa sababu "mimi sitalitumia". Anayelinunua hajui historia yake. Litoboe.

Hatua ya 2: Soma namba iliyo chini ya chombo

Geuza chombo. Utaona pembetatu ya mishale yenye namba ndani, 1 hadi 7. Namba hizi zilianza Marekani mwaka 1988 kwa ajili ya watu wanaochambua plastiki za kuyeyushwa upya. Zinakuambia aina ya plastiki tu, si cheti cha usalama. Hata hivyo zinasaidia.

1 ni chupa za maji na soda za dukani. Vitu baridi, muda mfupi.

2 ni madumu mengi ya mafuta ya kula na ndoo nyingi ngumu zisizopitisha mwanga. Nzuri kwa maji, unga na nafaka.

3 ni PVC. Ikiwa laini, kama mpira wa kumwagilia, ina vilainishi vingi. Weka mbali na chakula.

4 ni mifuko laini, nailoni. Vitu vikavu na baridi.

5 ni vyombo vingi vya chakula vyenye mfuniko, majagi, vikombe. Inavumilia joto kuliko wenzake, lakini kuvumilia si kutotoa kitu chochote.

6 ni polistirini: vikombe vyepesi vinavyovunjika kwa kupasuka, na vile vyombo vyeupe kama povu vya kufungia chipsi. Imetengenezwa kwa stairini, ambayo mwaka 2018 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Usitie kitu cha moto wala chenye mafuta humo.

7 ni mchanganyiko wa zote zilizobaki, na polikaboneti imo humu. Yale madumu makubwa ya bluu ya maji ya ofisini, yanayoonyesha ndani na magumu kama kioo, mengi ni ya namba hii, ingawa siku hizi yapo pia ya namba 1.

Tafuta vilevile alama ya gilasi na uma. Hiyo ndiyo inayosema chombo kilitengenezwa kwa ajili ya chakula. Maandishi ya "haina BPA" ni mazuri, lakini yasikulevye: baadhi ya viwanda viliweka badala yake ndugu zake, bisifenoli S na F, ambazo tafiti zimeonyesha nazo zinagusa homoni.

Hatua ya 3: Kama hakuna namba

Vyombo vingi vya sokoni havina namba. Kata kipande kidogo, kama ukucha wa mtoto, pembeni pasipoonekana. Kitie kwenye beseni la maji, kizamishe kwa kidole ili mapovu yatoke, kisha kiachie. Kikielea ni namba 2, 4 au 5. Kikizama ni 1, 3, 6 au polikaboneti. Povu jeupe haliingii kwenye kipimo hiki, linaelea kwa sababu limejaa hewa.

Kinachozama na hukijui, kisiguse chakula cha moto. Na kipimo hiki hakijui historia ya chombo: dumu la dawa ya mikorosho nalo huelea vizuri kabisa.

Hatua ya 4: Ondoa plastiki kwenye moto

Ukifanya hatua hii na ile ya kwanza tu, umefanya sehemu kubwa ya kazi.

Anza na nailoni ya kufunikia wali. Najua inasaidia. Mvuke hautoki, wali unaiva kwa moto mdogo, haukauki. Lakini siku moja usimame uitazame. Inatota, inalegea, inajibandika juu ya wali wa nazi. Matone yanachuruzika kwenye nailoni na kurudi sufuriani. Pale inapogusa ukingo wa sufuria inajikunja na kuacha uzi mwembamba uliogandia. Hapo una joto na mafuta ya nazi kwa pamoja, nusu saa nzima, kila siku. Na nailoni yenyewe mara nyingi ni ile iliyokuja na sukari au misumari.

Fanya hivi badala yake:

1. Wali ukikaribia kukauka maji, punguza moto chini uache makaa machache.
2. Chukua jani la mgomba, lioshe, lipitishe juu ya moto mpaka lilainike na kung'aa. Lilaze juu ya wali, upande laini chini. Kama huna mgomba karibu, kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa kinatosha.
3. Weka mfuniko wa bati unaobana.
4. Palia: tia makaa juu ya mfuniko, kama bibi zetu walivyofanya kabla nailoni haijafika. Dakika 15 hadi 20.

Mama lishe mmoja mteja wangu alibisha kwamba wali wake utakuwa na kiini. Alijaribu kwa sufuria ndogo kwanza, kilo moja, siku tatu. Alichogundua ni kwamba sasa anahitaji kuongeza maji kidogo, kwa sababu jani halirudishi mvuke wote kama nailoni ilivyofanya. Sasa anapika sufuria kubwa hivyohivyo. Anza na ndogo nawe.

Ukimaliza wali, endelea na hivi:

- Maandazi, vitumbua, mihogo ya kukaanga, samaki. Havitoki kwenye karai kuingia kwenye ndoo ya plastiki. Vichuje kwenye chujio la bati au ungo, vipoe mpaka unaweza kuvishika bila kurusha mkono, ndipo viingie kwenye ndoo iliyotandikwa karatasi nyeupe safi isiyoandikwa. Gazeti usitandike, wino wake unashika mafuta.
- Chai, uji na supu ya kwenda nazo. Ukienda kununua supu ya pweza, beba chupa ya chai au kibebeo cha stenlesi. Muuzaji hakatai, anabakisha nailoni yake.
- Chipsi. Nenda na bakuli lako. Mifuko ya rambo ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini nailoni zisizo na mshikio bado zinazunguka, na chipsi zinatiwa zikitoka kwenye mafuta.
- Hotipoti. Tazama ndani. Yenye stenlesi ndani ni sawa. Yenye plastiki ndani, tia chakula kilichopunguza moto kwanza.
- Sahani za melamini, zile ngumu, nyepesi, zenye maua. Kula chakula cha kawaida ni sawa. Usizitie kwenye maikrowevu, wala usikaangie kwa kijiko chake. Tumia mwiko wa mti.
- Kuwasha mkaa. Usiwashe jiko kwa nailoni, chupa wala kipande cha ndoo. Moshi huo unaingia kifuani mwa anayepika na kwa mtoto aliyembeba mgongoni, na PVC ikiungua hutoa sumu iitwayo dioksini. Tumia vifuu vya nazi, makumbi au vijiti vikavu.

Sipendekezi kukimbilia sufuria nzito za kusubu za mtaani kama badala ya plastiki, hasa kwa vitu vichachu. Zinayeyushwa kutoka vyuma chakavu vya kila aina, na nyingine zimepimwa zikakutwa na madini ya risasi.

Hatua ya 5: Panga upya maji ya kunywa

1. Chemsha mpaka yatokote vizuri dakika moja.
2. Yaache yapoe ndani ya sufuria, yakiwa yamefunikwa. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanamimina maji yanayofuka kwenye ndoo au dumu ili sufuria itumike kwa kazi nyingine. Chemsha usiku baada ya kupika, asubuhi yako tayari.
3. Yakishapoa, hamishia kwenye ndoo ya namba 2 au 5 yenye mfuniko na bomba, au mtungi wa udongo. Mtungi unapoza maji kuliko ndoo, lakini lazima uoshwe kila wiki na kata iwe na mpini mrefu ili mkono usiguse maji.
4. Madumu ya akiba yakae kivulini. Dumu lililoegemea ukuta wa magharibi linachemka kila alasiri.
5. Maji ya dukani nunua kwa mtu anayeyaweka ndani. Katoni zilizorundikwa juani nje ya duka ziache. Plastiki ya namba 1 huachia madini ya antimoni zaidi inapokaa kwenye joto kali kwa wiki nyingi.

Kwa wanaovuna maji ya mvua kule juu kwenye uwanda wa Makonde: simtanki lililotengenezwa kwa ajili ya maji ni sawa. Mpira laini wa kuvutia maji ndio wa kuangalia. Maji yaliyolala ndani ya mpira juani, yenye ile harufu, yamwage kwenye miche kabla ya kukinga ya kunywa.

Hatua ya 6: Hamisha vyenye mafuta na vichachu

Hapa ndipo zile chupa za kioo zinafanya kazi. Achari ya embe au ndimu, siki, pilipili ya kusaga, ukwaju uliolowekwa, juisi ya mabibo: vyote vina uchachu na hukaa siku nyingi. Vitie kwenye kioo. Mafuta ya ufuta na ya nazi ukinunua kwa chupa ya maji iliyotumika, yahamishie siku hiyohiyo. Kopo la aiskrimu linafaa kuwekea chumvi au kitunguu saumu kikavu, si achari.

Barafu za ubuyu za kuuza zimo kwenye baridi, hazinitishi. Ila usimimine ubuyu wa moto kwenye nailoni. Upoe kwanza.

Hatua ya 7: Vya mtoto vishughulikie peke yake

Miezi sita ya kwanza maziwa ya mama yanatosha, chupa haihitajiki. Kama kuna sababu ya kumpa maziwa mengine, kikombe kidogo cha stenlesi kinafaa zaidi kuliko chupa na ni rahisi kuosha. Wauguzi wetu wamekuwa wakisema hivyo siku zote.

Ukilazimika kutumia chupa ya plastiki: ichemshe kuua vijidudu, kisha isuuze kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Maziwa ya unga yakorogee kwenye bakuli la kioo au stenlesi kwa maji ya moto, yapoe, ndipo yaingie kwenye chupa. Usitikise maji ya moto ndani ya chupa. Watafiti wa Ireland walionyesha mwaka 2020 kwamba chupa za watoto za namba 5 huachia mamilioni ya chembe ndogo za plastiki maji ya moto yanapotikiswa ndani yake. Usiache kuchemsha chupa kwa kuogopa plastiki. Kuhara kunaua mtoto haraka kuliko kitu chochote ninachokiandika hapa.

Uji wa mtoto upoe kwenye bakuli la bati au udongo. Midoli laini ya PVC yenye harufu kali asiitafune.

Hatua ya 8: Staafisha vilivyochakaa

Pitisha kidole ndani ya kila chombo kilichobaki. Kikiwa na mikwaruzo mingi, kimepauka, kimepasuka au kinanata hata baada ya kuoshwa, kiondoe jikoni. Kiwe cha pini za nguo, mbegu kavu, sabuni. Visivyofaa kabisa wauzie wanaopita kununua plastiki chakavu. Kisha osha vinavyobaki kwa sponji laini, si kwa steli waya.

Ukikwama

*Ndoo mpya inanuka plastiki.* Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, iache wazi kivulini siku tatu, tia maji, yamwage kesho yake. Ikiendelea kunuka baada ya wiki, usiwekee maji ya kunywa. Mrudishie muuzaji.

*Dumu la mafuta ya kula halitoki harufu.* Tia mchele mkavu kiganja kimoja, sabuni na maji ya uvuguvugu, tikisa, suuza, rudia. Harufu ya mafuta ya kula ni kero, si sumu. Lakini kama harufu si ya mafuta unayoyajua, rudi hatua ya kwanza.

*Tulifundishwa kuanika chupa za maji juani ili kuua vijidudu. Tuache?* Usiache kama huna njia nyingine. Chupa safi, isiyo na rangi na inayoonyesha ndani, ya namba 1, kwa muda wa saa sita kwenye jua kali au siku mbili kukiwa na mawingu, kisha unakunywa. Hiyo ni tofauti na chupa iliyokaa juani miezi. Badilisha chupa ikikwaruzika.

*Na ile sauti ya simu kuhusu maji ya kwenye gari, au chupa ya kugandisha kwenye friza?* Wanasema inatoa dioksini. Chupa ya maji haitoi dioksini kwa kukaa kwenye gari wala kwenye friza. Dioksini hutokea pale plastiki fulani inapoungua. Kugandisha kunapunguza kutoka kwa kemikali. Maji yaliyosahaulika kwenye gari siku moja kunywa bila hofu, usiyafanye mazoea tu.

*Nimekula wali wa nailoni miaka 20. Nifanye nini?* Acha leo. BPA na fthaleti mwili huzitoa kwa mkojo ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo ukipunguza zinazoingia, zilizomo zinapungua haraka. Hakuna dawa ya kunywa ya "kusafisha plastiki mwilini". Anayekuuzia anachukua hela yako.

*Wateja wangu wanataka chakula kwenye nailoni.* Weka bakuli za bati za kuazima kwa amana, na anayekuja na chombo chake muongeze kipande cha kachumbari. Nimeona banda likibadilika hivyo ndani ya mwezi mmoja.

*Mtoto amekunywa kitu kutoka kwenye chupa ya dawa ya mikorosho.* Usimtapishe. Usipoteze muda kutafuta maziwa. Mvue nguo zilizomwagikiwa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mbebe moja kwa moja hospitali au kituo cha afya kilicho karibu, na chukua ile chupa pamoja na lebo yake, imefungwa ndani ya mfuko, ili daktari ajue ni dawa gani.